Dada alimkimbia baba

Wazee shikamooni, na nyie vijana habari za asubuhi. Mwalimu mkuu kaniomba niongee kidogo leo, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kuhusu baba yangu tuliyemzika mwezi wa tatu. Wengi wenu mlikuwa mnamuona akipita hapo getini na baiskeli yake ya Phoenix kwenda shamba, mkamzoea kama babu wa karanga. Wachache sana mlijua kwamba alipigana vita vya Kagera.

Mwezi wa kumi mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakachukua ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea redioni, akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Baba alikuwa mgambo, alisikilizia redio ya jirani kwa sababu sisi hatukuwa nayo, akarudi nyumbani akamwambia mama nifulie shati. Basi, mama akaelewa. Dada yetu mkubwa alikuwa na miezi minne.

Walipanda treni Dodoma mpaka Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, na kutoka hapo ni miguu vijana wangu, Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ya mapigano hakutusimulia. Alikuwa anatuambia habari ya matope tu, na mvua, na soksi zinazoozea mguuni. Ukimuuliza Lukaya ilikuwaje anakuuliza umeshawapa mbuzi maji?

Sasa mimi ninachotaka mkijue ni hiki cha kurudi, kwa sababu vita vyake mimi naona viliendelea hapo nyumbani. Mama anasema alifika jioni, kakonda, ndevu zimejaa, na dada anatembea tayari, akamuona akapiga yowe akakimbilia jikoni. Hakutaka kabisa kumsogelea, usiku akikohoa tu mtoto analia. Na yeye hakumlazimisha hata mara moja. Alichukua gunia la karanga akatandika mkeka chini ya mwembe, akakaa anamenya, asubuhi mpaka jioni, hasemi kitu, anarundika karanga zilizomenywa pembeni ya goti lake na macho anaangalia huko kwingine. Siku ya kwanza dada alimchungulia mlangoni. Siku ya pili akasogea mpaka kwenye kivuli. Mama anasema ilikuwa siku ya sita alipochukua karanga moja akakimbia, kisha akarudi akachukua nyingine, ya tatu akaila akiwa amekaa pale pale, na baba bado hajamgeukia ila machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu mno, Mwalimu alishasema tufunge mikanda miezi 18 lakini ikapita na sabuni bado hakuna, chumvi hakuna, unga foleni. Mzee alilima, akatusomesha wote saba, sijawahi kumsikia akidai kwamba nchi ina deni lake. Wenzake waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba ndio aliokuwa anawataja, kila tarehe kama ya leo alikuwa anavaa shati lililopigwa pasi na anakaa kimya mpaka mchana.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa hawezi tena kusimama. Kitukuu chake cha miaka miwili kililetwa kutoka Morogoro, kikaogopa kile kitanda na zile dawa, kikajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Mzee akaniita kwa mkono, akanong'ona, niletee karanga. Vidole vilikuwa vinatetemeka hivyo kila ganda linamchukua dakika nzima, nikataka kumsaidia akanikatalia. Alimenya nne, akaziweka ukingoni mwa godoro, akageuza uso ukutani.