Kupanda mepo ya Kijapani kwenye joto kali: hatua kwa hatua

Karibuni. Leo tunapanda mepo ya Kijapani, ule mti mdogo wenye jani kama kiganja kilichokunjua vidole. Wajapani huuita momiji. Tuko Dallas, Texas, katikati ya Julai, na kipimajoto kinaelekea nyuzi 38. Joto lenyewe linachosha mti huu, lakini kinachoumaliza mara nyingi ni mkono wa aliyeupanda: kauzika chini mno, kauweka kwenye jua la alasiri, au kaumwagia maji mpaka mizizi imeoza. Hayo ndiyo tutakayoyashughulikia.

Kama mti bado uko kitaluni, subiri Oktoba ndipo ununue. Kama umeshaununua, unaweza kuuacha kwenye kopo lake, kivulini, hadi joto lipoe. Ukilazimika kuupanda sasa, panda jioni. Na kwa mnaotutazama mkiwa Dar au Mombasa: mti huu unahitaji miezi ya baridi ili upukutishe majani na kupumzika. Pwani hautastawi hata ukiuwekea kivuli.

Tuanze na mahali. Toka nje saa tisa alasiri uone jua linapopiga. Hapo usipande. Tafuta upande wa mashariki wa nyumba, mti upate jua la asubuhi mpaka saa tano au sita, kisha kivuli. Kaa mbali na ukuta wa matofali unaotazama magharibi na njia ya saruji, kwa sababu vyote vinameza joto mchana na kulitema usiku. Kuhusu aina, Tamukeyama, Seiryu na Bloodgood zinavumilia joto kuliko nyingi. Zenye mabaka meupe kwenye majani zinaungua haraka, ziache.

Sasa shimo. Mti wetu umetoka kwenye kopo la galoni tano, yaani kama lita 19. Tunachimba upana wa sentimita 80 hadi 90, lakini kina kisizidi kimo cha bonge la mizizi. Udongo wa huku ni mfinyanzi mweusi, na koleo likipita unaona kuta za shimo zinang'aa kama chungu kilichosuguliwa. Zikwaruze kwa ncha ya koleo, la sivyo mizizi itazunguka humo humo. Kisha jaza shimo maji. Kama kesho yake bado yametuama, usipande hapo. Jenga tuta pana lenye kimo cha sentimita 30 na upande juu yake.

Sogea karibu uone hapa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Toa mti kwenye kopo na uondoe udongo wa juu kwa vidole, polepole, mpaka uone shina linapopanuka na mzizi mkubwa wa kwanza kuanza. Hiyo ndiyo shingo ya mti. Kitaluni mara nyingi inakuwa imefukiwa, wakati mwingine sentimita tano au zaidi, kwa hiyo usiuamini usawa wa udongo wa kopo. Shingo ikifukiwa, gome linakaa na unyevu na kuoza, na mizizi inakosa hewa. Kwenye mfinyanzi tunaiacha sentimita tano juu ya usawa wa ardhi. Mizizi iliyozunguka kopo ichambue kwa upole. Wakati wa joto usiivunjevunje.

Rudishia udongo uleule uliochimba. Najua unatamani kujaza mboji tupu, lakini shimo laini katikati ya mfinyanzi linageuka ndoo: maji yanaingia, hayatoki. Mboji itandaze juu, kidogo. Mwagia lita 15 taratibu, udongo ukikaa ongeza palipobonyea. Kisha weka matandazo ya magome au vipande vya mbao, unene wa sentimita tano hadi nane, uyaache sentimita kumi kutoka shinani. Ule mlima wa matandazo unaouona umelundikwa kuzunguka shina unaozesha gome.

Maji. Kalenda haijui mti wako una kiu au hauna, tumia kidole. Chomeka sentimita tano ndani ya bonge lenyewe la mizizi, siyo pembeni. Mchanganyiko wa kitaluni unakauka kabla ya mfinyanzi unaouzunguka, kwa hiyo pembeni panaweza kuwa na unyevu huku mizizi ina kiu. Pakiwa pakavu, mpe lita nane hadi kumi asubuhi na mapema, mpira ukichuruzika kidogo kidogo. Pakiwa na unyevu, ondoka. Wiki mbili za kwanza huenda ukamwagia kila siku au kila baada ya siku moja. Baadaye vipindi virefuke. Vinyunyizio vya nyasi havihesabiki, maji yake hayafiki chini.

Majani sasa. Hili hapa limekauka kingo, kahawia, likivunjika kama karatasi, lakini katikati ni kijani. Huko ni kuungua: jani limepoteza maji haraka kuliko mizizi ilivyoweza kuleta. Usilichume. Sehemu ya kijani bado inatengeneza chakula, na jani linakinga gome dhidi ya jua. Funga wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua kwenye nguzo, upande wa magharibi, usiguse majani.

Majani yakilegea huku udongo umelowa, hiyo siyo kiu. Mizizi imekosa hewa. Acha maji kabisa mpaka kidole kitoke kikavu. Tawi moja likifa ghafla, likate na utazame mti wa ndani. Ukiona michirizi ya kijani iliyofifia au myeusi, ni kuvu wa vertisilia kutoka udongoni. Dawa yake haipo. Kata tawi lililokufa na ufute mikasi kwa spiriti. Majani mekundu kugeuka ya kijani au rangi ya shaba mwezi Agosti ni kawaida, siyo ugonjwa.

Mbolea usiweke sasa. Naitrojeni italazimisha machipukizi mororo yatakayoungua ndani ya siku chache. Kupogoa pia kusubiri. Toa tu machipukizi yanayoota chini ya mahali mti ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina lenye mizizi la mti mwingine, kwa sababu hayo ni ya shina hilo mama na yatauzidi nguvu mti ulioununua.

Majani yote yakipukutika, usiung'oe. Kwaruza kitawi chembamba kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa kahawia na pakavu, shuka kuelekea shinani ukwaruze tena. Ukikuta kijani chenye unyevu, hapo mti uko hai: rudi kwenye kidole na maji kama tulivyofanya, na usikate chochote mpaka machipukizi ya majira ya kuchipua yaonyeshe tawi gani limepona.