Seva Yako Imesimama Wapi?
Mhadhara kwa vijana wa kompyuta, Mwanza

Mwangaluka!

(Ukumbi: Mwangaluka!)

Sawa. Mlionyamaza msijali, hiyo ni salamu ya Kisukuma, jiji hili limekusanya watu wa kila upande, mtazoea. Nimeombwa niongee juu ya jambo ambalo hakuna anayelipenda. Unafungua kivinjari, unaandika localhost, anwani ya seva (programu inayotoa kurasa) iliyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, unasubiri mradi wako utokee, unakuta 404, yaani "sijaona". Jana ulikuwa unafanya kazi. Hujagusa kitu. Wote husema hivyo, hata mimi husema hivyo, na mara nyingi tunakuwa tumegusa.

Tuanze na barabara ya Musoma. Mwenyeji wako anakupigia simu: "Ukishuka nyoosha, kata kulia, nyumba ya tatu." Ukishuka wapi? Kama yeye anadhani umeshuka Buzuruga, kumbe wewe umeshuka Igoma, maelezo yake hayana kosa hata moja na bado utalala nje. Ndivyo ilivyo njia fupi ya faili, kama picha/sato.jpg. Haijasema uanzie wapi. Njia ndefu haikuachii ubashiri: C:\xampp\htdocs\mwalo\picha\sato.jpg kwa mwenye XAMPP, kifurushi chenye Apache, PHP na hifadhidata, kwenye Windows, au /var/www/html/mwalo/picha/sato.jpg kwa mwenye Apache, seva yenyewe, kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Ni sawa na kusema Tanzania, Mwanza, Ilemela, Kirumba, halafu mtaa.

Kwa hiyo seva ikikugomea, kabla hujabadilisha herufi yoyote, iulize mambo mawili. Umesimama wapi? Na umesoma faili lipi? Nasema "kabla hujabadilisha" kwa sababu nawajua. Mtu anabadilisha vitu sita kwa mpigo, kimoja kinatibu, vitano vinaharibu, na hajui kipi ni kipi.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Mradi wako unaitwa mwalo, uko ndani ya htdocs, folda ambayo seva inatolea kurasa. Kwenye ukurasa wa HTML umeandika /picha/sato.jpg, ukaanza na slashi. Picha haitokei. Unafungua folda, picha ipo, unaiona kwa macho yako. Tatizo ni nini? Slashi ile ya mwanzo ina wasomaji wawili, na kila mmoja anaielewa kivyake. Kivinjari kikiiona kinaelewa "anzia mlangoni kwa tovuti", kwa hiyo kinaomba localhost/picha/sato.jpg. Mwalo umerukwa. Lakini slashi hiyohiyo ukiiandika ndani ya PHP, lugha inayoendeshwa upande wa seva, kwenye amri za kuita faili kama fopen au include, msomaji si kivinjari tena. Ni mfumo wa kompyuta, na kwenye Linux kwake slashi maana yake ni "anzia kwenye shina la diski". Unaomba /picha kwenye diski nzima, pembeni ya /etc na /home. Hakuna kitu kama hicho.

Kivinjari hakijui diski yako. Hakijawahi kuiona. Kinajua anwani tu. Ukikuta mtu ameandika C:\xampp ndani ya src ya picha, pale HTML inapotaja picha iliko, usimcheke, ila mwambie kivinjari kinamuuliza mwenye duka, hakiingii stoo.

Utajuaje kivinjari kiliomba nini hasa? Usikisie. Apache inaandika kila ombi kwenye access.log, na kila lalamiko kwenye error.log. Kwa XAMPP ya Windows yako C:\xampp\apache\logs. Kwa Ubuntu yako /var/log/apache2. Fungua, nenda mstari wa mwisho. Utakuta imeandikwa GET /picha/sato.jpg na 404 pembeni. Neno mwalo halipo. Basi, kazi imekwisha, hukuhitaji kumpigia mtu simu.

Herufi kubwa na ndogo nitazipitia haraka, kila mtu ameshaumia. Windows haijali kama ni Sangara.JPG au sangara.jpg. Linux inajali sana, kwake hao ni samaki wawili. Ukitengeneza kwenye Windows na ukapeleka kwenye seva ya Linux, picha zitapotea nusu nusu, na utasema seva ni mbovu. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi kati ya maneno, uishi kwa amani.

Na slashi ya nyuma je? Kuna aliyeuliza wakati tunaingia kwa nini Windows wamegeuza. Ni historia tu. MS-DOS ya kwanza, mwaka 1981, haikuwa na folda kabisa, na slashi ya kawaida ilishachukuliwa kwa ajili ya vibadilishi vya amri. Folda zilipoingia kwenye toleo la 2.0, mwaka 1983, ikabidi watafute alama nyingine. Sisi tunalipa deni mpaka leo. Ukiandika ndani ya PHP, kwa alama za nukuu mbili, "C:\nyavu\taarifa.csv", PHP inaona \n inafikiri ni mstari mpya, inaona \t inafikiri ni tabu. (Kicheko.) Nyavu zimepoteza n, taarifa imepoteza t, na faili halipatikani. Tumia slashi ya kawaida hata ukiwa Windows, PHP inaikubali.

Nije kwenye mazingira. Vigeu vya mazingira ni maelezo ambayo programu inayakuta mezani kabla haijaanza kazi: wewe ni nani, nyumbani kwako ni wapi, programu zitafutwe folda zipi. Hicho cha mwisho ndicho PATH. Ni orodha ya folda, Windows inazitenganisha kwa nukta-mkato, Linux kwa nukta mbili, na kompyuta inazipita kwa zamu. Ya kwanza kukutwa ndiyo inayotumika. Ukiwa umeweka PHP mbili, ya zamani ikitangulia kwenye orodha, utaandika php mpaka kesho utapata ya zamani. Uliza: where php kwenye dirisha la amri la Windows, which php kwenye Linux. Na ukibadilisha PATH, funga terminali (dirisha la amri) ufungue nyingine. Iliyokuwa wazi ilishachukua nakala yake ilipoanza, haiji kuuliza tena.

Hapa niwape aibu yangu, maana sikuyajua haya kwa kusoma.

Kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki Kirumba. Nilimtengenezea mfumo wa kuandika mizigo na madeni, ukawa kwenye kompyuta moja ofisini kwake, Linux yenye XAMPP. Nikamwambia, mama, kila usiku saa nane mfumo utajihifadhi wenyewe. Nikaandika hati ndogo inayoita mysqldump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, na kumwaga matokeo kwenye faili la nakala lenye tarehe ya siku. Nikaiendesha kwa mkono nikiwa ndani ya folda ya mradi. Safi, nakala ikatokea. Nikaikabidhi kwa cron, ile programu inayoamka kwa saa, nikaenda zangu.

Baada ya siku chache nikapita. Sikuona nakala kwenye folda ya mradi. Nikatafuta, nikazikuta kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Sikujiuliza zaidi. Nikahesabu: siku tano, mafaili matano. Nikasema kumbe zinaingia huku, hamna neno.

Wiki ya tatu umeme ukakatika, uliporudi diski haikuamka. Kwa bahati ile folda ya nyumbani ilikuwa inanakiliwa kwenye diski ya nje. Nikaja nimevimba kichwa, nikachomeka diski, nikafungua nakala ya jana. Tupu. Ya juzi, tupu. Zote, baiti sifuri.

Mama akaniangalia, akauliza swali moja: "Ulihesabu tu? Hukupima?"

Mtu anayenunua sangara kwa kilo miaka yote hiyo. Sikuwa na jibu.

Makosa yalikuwa mawili, na ni yaleyale ya leo. La kwanza, kusimama. Mimi nilipoiendesha nilikuwa nimesimama kwenye folda ya mradi. Cron inasimama nyumbani kwa mtumiaji. Njia fupi niliyoandika ikamfuata aliyeiendesha. La pili, mazingira. Mysqldump ya XAMPP iko /opt/lampp/bin. Kwenye PATH yangu niliiongeza zamani nikasahau. PATH ya cron ni fupi, kwa kawaida ni /usr/bin na /bin, basi. Kwa hiyo kila usiku mysqldump haikupatikana. Lakini alama ile ya kumwaga matokeo, >, huwa inaunda faili kwanza ndipo amri iendeshwe. Faili likazaliwa, amri ikafa, nikabaki na mafaili yenye majina mazuri na tarehe sahihi. Tuliandika upya kutoka kwenye kauntabuku, siku nne, yeye anasoma, mimi nachapa. Hakunidai. Chai ya siku hizo nne nilinunua mimi.

Tangu hapo kwenye cron naandika njia kamili ya kila kitu: ya amri, ya faili linalosomwa, ya faili linaloandikwa. Na naelekeza makosa kwenye faili lake, kwa 2>>. Ndani ya PHP natumia __DIR__, ambayo maana yake ni folda lilipo faili hili lenyewe, yeyote aliyeliita na popote alipo. Ukitaka kujua umesimama wapi, andika echo getcwd(), uone. Iendeshe kwenye kivinjari, kisha kwenye terminali ukiwa folda nyingine. Majibu hayatafanana.

Swali la pili sasa, umesoma faili lipi. Mtu anapakia picha ya simu, inakataa. Anasikia kwamba upload_max_filesize, kikomo cha ukubwa wa faili linalopakiwa, kwa kawaida ni 2M, na picha ya simu inazidi. Anafungua php.ini, faili la mipangilio ya PHP, anaweka 20M, bado inakataa. Anaweka 200M. Anaweka 2000M, kwa hasira. Rafiki yangu, unapaka rangi nyumba ya jirani. Kwenye Ubuntu kuna php.ini ya terminali, ndani ya folda ya cli, na php.ini ya Apache, ndani ya folda ya apache2. Na ukiuliza kwa php --ini utajibiwa la terminali, ndiyo maana inadanganya watu. Weka phpinfo() kwenye ukurasa, fungua kwa kivinjari, tafuta mstari wa Loaded Configuration File. Hilo ndilo la kuhariri. Kisha uanzishe Apache upya. Na post_max_size, kikomo cha ombi zima, nayo ipandishe, kawaida ni 8M, isije ikakukwamisha mlango wa pili. Ukimaliza futa ule ukurasa, unaeleza mengi mno kwa mpita njia.

Faili la .env, linalohifadhi vigeu vya mazingira vya mradi, lina vituko vyake. Ukilihifadhi kwa Notepad linaweza kuwa .env.txt, na Windows imeficha viendelezi, kwa hiyo wewe unaona .env na unaapa. Washa kuonyesha viendelezi leo hii. Kituko kingine ni cha wanaotumia Laravel, kiunzi cha PHP. Ukishaendesha config:cache, Laravel haisomi tena .env, inasoma nakala iliyojiwekea. Unabadilisha nenosiri la hifadhidata mara kumi, haina habari. Ni kama dereva aliyejifunza njia ya Sengerema zamani. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu, yeye bado anakwenda kupanga foleni ya kivuko. Si mkaidi, hajaambiwa. Mwambie: php artisan config:clear.

Kuhusu ruhusa, dakika moja. 404 maana yake sijaona, 403 maana yake sikuruhusu. Ukipata 403 usihangaike na njia, angalia ruhusa. Kwenye Ubuntu Apache inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa www-data, na lazima aweze kupita kila folda kuanzia juu, siyo ya mwisho tu. Na chmod 777, amri ya kumruhusu kila mtu kila kitu, naomba niisikie kwa wengine, si kwa mtu aliyekaa kwenye ukumbi huu.

Naona mkono pale. Ndiyo, dada.

(Swali: Apache yangu ya XAMPP haiwaki kabisa.)

Haiwaki kabisa, hiyo si njia ya faili, kuna uwezekano mkubwa mlango namba 80, ule ambao seva inapokelea maombi, umeshachukuliwa na programu nyingine. Kwenye paneli ya XAMPP kuna kitufe cha Netstat, kitakuonyesha nani amekalia 80. Mfunge huyo, au uipe Apache 8080 kwenye httpd.conf, halafu kivinjarini uandike localhost:8080. Wengi wanabadilisha namba wakasahau hiyo ya mwisho.

Haya, fungueni laptopu, umeme upo bado. Wewe kaka wa nyuma uliyesema picha zako hazionekani tangu juzi, tuanze na wewe. Hapana, usifungue msimbo. Fungua access.log, shuka mpaka chini, utusomee mstari wa mwisho kwa sauti.