Simbakubwa Ndani ya Droo

NEEMA: Msikilizaji, karibu tena. Leo tunarekodi Capri Point, hapa Mwanza, tukiwa na Jiwe la Bismarck mbele yetu. Kaka Masanja, wanafunzi wengi wakiyaona majabali haya huuliza kama ndani yake mna mifupa ya wanyama wa kale.

MASANJA: Hamna, dada Neema, na tusiwape matumaini ya bure. Majabali ya Mwanza ni graniti iliyoganda kutokana na uji wa moto ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati ambapo duniani hapakuwa bado na kiumbe hata kimoja chenye mfupa. Mtaalamu wa paleontolojia, yaani elimu ya mabaki ya viumbe wa kale, hutafuta tope, mchanga na majivu ya volkano vilivyogeuka mwamba, na ndiyo maana anayechunguza mamalia wa kale katika bonde la ziwa letu, Viktoria, huenda upande wa Kenya: visiwa vya Rusinga na Mfangano, Karungu, na bara kidogo, Songhor na Koru. Rusinga, volkano ya Kisingiri ilimwaga majivu takriban miaka milioni 18 iliyopita, yakahifadhi si mifupa tu bali hata matunda, mbegu na wadudu.

NEEMA: Basi maisha ya mtaalamu huyo ni sururu na jua kali.

MASANJA: Kwa majuma machache ya mwaka, ndiyo. Muda uliobaki yuko makumbusho, anafungua droo. Mfano ninaoupenda ni wa Matthew Borths, ambaye mwaka 2013, akiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kwa utafiti wake wa uzamivu, alivuta droo moja akakuta taya lenye meno makubwa kupita kiasi. Lilikuwa limechimbwa Meswa Bridge, karibu na Koru, zaidi ya miaka 30 nyuma. Mwaka 2019 yeye na mtafiti mwenzake Nancy Stevens walimtangaza mnyama huyo, aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita, kwa jina la Simbakubwa kutokaafrika.

NEEMA: Mwalimu wangu wa Kiswahili angelizungushia wino mwekundu hilo neno la pili.

MASANJA: Na mwalimu wa sayansi angeliuliza la kwanza, kwa kuwa huyo hakuwa simba wala ndugu wa simba. Alikuwa haienodonti, ukoo wa wala-nyama uliokwisha kutoweka kabisa, na ushahidi uko kinywani. Mtazame mbwa anapovunja mfupa: hugeuza kichwa pembeni, kwa sababu kila upande wa kinywa chake ana jozi moja tu ya magego yanayokata kama mkasi, la juu likipita ubavuni mwa la chini. Haienodonti alikuwa na jozi tatu za namna hiyo kila upande. Kwa hiyo jino moja lililo zima humwambia mtaalamu ukoo, chakula na, kwa kukadiria, ukubwa. Ingawa hapo kwenye ukubwa mimi huwa mwangalifu, maana hesabu moja ilimpa Simbakubwa kilo 1,500 na nyingine zikamshusha mbali sana chini ya hapo.

NEEMA: Na mazingira aliyoishi, yanajulikanaje?

MASANJA: Kwa meno tena, safari hii ya waliokuwa wakila majani. Mahindi na mtama ni jamii ya nyasi za nchi za joto, ambazo hubeba kaboni nzito, yaani aina ya kaboni yenye uzito kuliko ile ya kawaida, kwa wingi kuliko mti, muhogo au mpunga, na kaboni hiyo huingia katika tabaka gumu la nje la jino. Anayekula ugali wa mahindi maisha yake yote huacha alama tofauti na anayekula wali. Mtaalamu hukwangua unga kidogo sana wa jino, akaupima, akajua kama mnyama alilisha msituni au mbugani. Kaboni ya namna hiyo, safari hii iliyobaki katika udongo wa kale, pamoja na chembe za mimea, ndiyo iliyowezesha tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 kuonyesha kwamba nyasi hizo zilikuwa nyingi Afrika Mashariki miaka milioni 21 iliyopita, yaani zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya wakati uliodhaniwa. Picha ya msitu mnene usio na mwanya, tuliyoizoea vitabuni, ilibidi ichorwe upya.

NEEMA: Kwa hiyo Simbakubwa hakuwahi kunywa maji ya ziwa hili.

MASANJA: Ziwa halikuwapo. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, na hata baada ya kuzaliwa lilikauka, mara ya mwisho kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Hapo wanapopita wavuvi wa dagaa palikuwa nchi kavu.

NEEMA: Nalo lile taya, lilikuwa la mzee?

MASANJA: Hapana. Meno yake yalikuwa bado hayajalika. Alikufa akiwa ndiyo kwanza amekomaa.