Mje Jabal Akhdar mwezi gani? Nawajibu, lakini nisikilizeni mpaka mwisho

Assalaam alaykum ndugu zangu. Watu wa Pemba, watu wa Unguja, na nyinyi wa bara mnaotufuatilia, leo sina mapishi wala sina nguo za kuwaonesha. Nimekaa juu ya jiwe, na hayo mnayoyaona nyuma yangu ni mashamba ya ngazi yanavyoteremka mpaka kwenye korongo. Hapa ni Al Ayn, kijiji cha Jabal Akhdar, mlima wa huku Oman. Nimepanda makusudi kujibu swali moja, maana tangu nilipoweka ile video ya waridi, kila nikishika simu asubuhi nalikuta: "Dada, na sisi tunataka kuja huko mlimani, tuje mwezi gani?"

Kabla sijajibu niseme langu. Najua wapo watakaosema naringa. Mwaka jana nilisema waridi linanukia mpaka barabarani, nikaambiwa najionesha. Mwezi uliofuata nikasema baridi ya huku inaniumiza vidole, nikaambiwa nalalamika na huku nimeshapata. Sasa nikae upande gani? Mimi naishi Nizwa, chini ya mlima, huu mwaka wa tisa, nashona mabaibui katika duka la watu. Huku juu napanda mara mbili, mara tatu kwa mwaka, na kila nikipanda nimeshajinyima miezi. Wenye hoteli zile za ukingoni mwa korongo si mimi. Mkiniona kwenye video mjue nimelala nyumba ya kupangisha ya kijijini, wanawake wanne chumba kimoja, tumechanga.

Habari za Oman na Zanzibar siwaelezi, kila nyumba ya Wete na Chake ina mtu wake Maskati. Nakwenda kwenye swali.

Kwa mtu wa kwetu, nasema Aprili. Tena Aprili ya mwanzo mpaka katikati. Waridi huku linaanza kufungua mwisho wa Machi, linakolea Aprili, na Mei ikifika katikati linakuwa limekwisha. Mkichelewa wiki tatu mnakuta miti ya miba na majani. Na niseme kwa nini nawaambia waridi na si kitu kingine. Mandhari mtayaona mwezi wowote, milima haiendi popote. Lakini sisi ni watu wa mrashi. Maulidi kwetu hayasomwi bila marashi, harusi haipiti bila marashi, maiti hatumsitiri bila marashi. Tumeyatumia tangu kuzaliwa, na wengi wetu ua lenyewe linavyochumwa na kupikwa hatujapata kuliona. Basi mtu akitoka Pemba na akiba yake ya miaka, mimi siwezi kumwambia aje mwezi ambao hilo halioni.

Wanachuma alfajiri, jua halijawa kali, kwa sababu likishapiga harufu inapungua. Watu wanaingia kwenye ngazi na vikapu na mashuka yamefungwa kiunoni, wanang'oa ua kwa vidole vitatu, haraka, kama mnavyochambua karafuu kwenye vikonyo. Nilipoona mikono yao mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu ukumbini usiku wa karafuu. Kisha maua yanapelekwa kwenye chumba cha kupikia, kuta nyeusi tititi kwa moshi. Tanuri ni la udongo, lina matundu juu, kila tundu lina chungu chake. Maua yanatiwa chunguni, na katikati ya maua kinawekwa kibakuli cha shaba. Juu wanafunika kwa chombo kingine cha shaba kilichojaa maji baridi. Moto ukiwaka, mvuke unapanda, unakutana na ule ubaridi, unageuka matone na kudondokea kibakulini. Hayo ndiyo marashi. Yakitoka yana rangi ya chai nyepesi, wanayaacha yatulie siku nyingi mpaka machicha yashuke chini. Na yananuka moshi. Siku hizi wapo wanaopika kwa mitambo ya chuma, yanatoka meupe kama maji, lakini wazee wa huku bado wanataka yale ya moshi.

Sasa tuje kwenye pesa na makaratasi, maana hapo ndipo watu wanapotea, na mimi mwenyewe pamenitia uchungu ambao haujanitoka.

Mama yangu alitaka kuliona waridi. Maisha yake yote ndiye anayeitwa kushika mrashi maulidi yakisomwa mtaani kwetu. Nikaweka pesa mwaka mzima na miezi minne. Tikiti nikaikata ya tarehe 8 Aprili, ile ya bei ndogo, isiyorudishwa. Viza nikampa wakala mmoja aishughulikie. Simtaji jina, nimemwachia Mungu. Kwenye paspoti ya mama, jina la babu lina K mbele ya h. Yule bwana akaandika bila K. Herufi moja! Ombi likarudi. Na rial 20 za viza ya siku 30 hazikurudi. Nikamfuata, akaniambia jina ni lilelile, "mbona Waswahili tunasoma sawa tu." Tunasoma sawa sisi, ndugu zangu, kompyuta ya uwanja wa ndege haisomi hivyo. Nikaanza upya, nikalipa tena, na kubadilisha tikiti nikatozwa juu yake. Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Pigeni wenyewe hesabu kwa shilingi muone.

Mama alifika Juni. Ametoka Wete kwa boti, amelala Unguja kwa mjomba siku mbili, akapanda ndege mara ya kwanza katika umri wake wa miaka 67. Nikamleta hapa hapa nilipokaa. Akatazama ile miti, hakuna hata ua moja, akanambia, "Si neno mwanangu, nimeuona mti wake." Mimi niligeuka upande wa pili nikajifanya napiga simu.

Na juu ya hayo, jamaa mmoja wa ukoo akapita majumba akisema nimemwita mama aje kunipikia na kunifulia, ndiyo maana nimemleta msimu hauna kitu. Haya, nilikuwa sijayasema hadharani. Nimeyasema leo, tuendelee.

Kwa hiyo ukinambia unataka Aprili, mimi nitakwambia makaratasi yaanze Disemba au Januari. Paspoti iangalie tarehe ya kuisha. Majina yote matatu yaandikwe kama yalivyo kwenye paspoti, si kama mnavyoitana nyumbani, na cheti cha kuzaliwa kikiwa tofauti kirekebishe huko huko kabla hujatoa senti. Masharti ya viza yanabadilika, na ya mtu anayeombewa na jamaa yake si sawa na ya anayekuja mwenyewe, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya polisi wa Oman wakati wako ukifika, usishike maneno yangu ya leo. Usikate tikiti kabla ya viza. Na siku zako zikiisha, ondoka. Faini ya kuzidisha ni rial 10 kwa kila siku.

Gari nayo inawatia watu hasara. Kutoka Maskati mpaka Nizwa ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa barabara nzuri. Ukifika Birkat al-Mawz, chini ya mlima, kuna kizuizi cha polisi, na hawapitishi gari ndogo. Lazima iwe inayovuta magurudumu yote manne, ile tunayoita fobaifo. Barabara yenyewe ni lami tupu, mtu anaweza kudhani wanamwonea, lakini mteremko wake ni mkali na breki zimeshawafelisha watu wengi. Vijana fulani kutoka kwetu walikodi salun Maskati ili wapunguze gharama, wakarudishwa pale pale kizuizini, wakalipa ya pili juu ya ile. Mimi mara ya mwisho nimelipa rial 35 kwa siku, tukagawana wanne. Na msipande Alkhamisi jioni wala Ijumaa, kwa sababu mapumziko ya huku ni Ijumaa na Jumamosi na nusu ya Maskati inahamia mlimani. Nyumba tuliyolala kwa rial 25 Jumatatu, Ijumaa wanataka 40.

Wale wanaoniuliza kuhusu komamanga: hizo ni kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Oktoba, na komamanga za huku zina sifa yake, nyekundu ndani, maji matele. Ningekuwa na nafasi mbili, ya pili ningeichagua hiyo. Lakini kwa mkulima wa Pemba miezi hiyo karafuu zinaweza kuwa zimeiva, na sitaki mtu aniambie aliacha zao lake mtini kwa ajili ya video yangu.

Julai na Agosti watu wa hapa wanapanda kukimbia joto. Nizwa inapita nyuzi 40, na huku juu, kwenye mita 2,000, ni 30 hivi, usiku unajifunika. Kwao ni raha kubwa. Kwa mtu anayetoka Pemba wakati wa kipupwe, sidhani kama upepo wa baridi peke yake unastahili nauli yote hiyo.

Disemba mpaka Februari ni baridi ya kweli. Usiku inaweza kushuka mpaka sifuri na chini yake. Bomba la nje asubuhi ukilifungua, maji yanauma mkono kama umeshika barafu. Ukija na mtoto au mzee miezi hiyo, mletee sweta mbili, soksi nzito, na kofia ya kufunika masikio. Mashamba nayo yamelala, miti mitupu. Wazungu wanaipenda kwa kutembea milimani, kwao ndiyo hali nzuri. Mimi mifupa yangu imekataa mwaka wa tisa sasa.

Na Ramadhani mwangalie inaangukia wapi. Mwaka 2023 ilianza huku Machi 23, waridi na mfungo vikaja pamoja. Mchana huna pa kula wala kunywa chai hadharani, na safari ya mlimani na saumu inachosha. Wengine wanapenda hivyo, wafuturu kijijini na wenyeji. Ni la mtu binafsi hilo.

Lakini nisiwafiche jambo, nisije nikawapendezesha Aprili nikanyamaza na hatari yake. Mvua ya milima hii hainyeshi kama masika yetu, ikakupa taarifa ya wiki. Inapiga saa moja, na wadi, yaani bonde la mto mkavu, inashuka maji na mawe. Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu, wakiwamo watoto wa skuli waliokuwa garini. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa hiyo ukiona wingu zito limekaa juu ya mlima, usivuke wadi, hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu, hata dereva akikwambia amezoea. Lala ulipo. Siku moja ya ziada haikupotezei waridi.

Hayo ni yangu mimi, kwa nilivyoyaona na kwa mfuko wangu. Mwenye uwezo mwingine aende na uwezo wake, na mwenye nia ya kutembea milimani tu aje Novemba atashukuru hewa.

Sasa sogeeni nikuonesheni kitu. Leo ni tarehe za mwanzo za Machi. Tazameni hapa kwenye ncha ya tawi, ngoja simu ishike vizuri. Mnaona hicho kijani, kidogo kama punje ya mtama, kimefungwa? Hicho ndicho. Yule mwenye shamba anasema kwa jua hili, wiki nne.

Mama, kama Salma amekufungulia simu unatazama: viza imetoka jana usiku. Jina nimeliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na K yake ipo. Paspoti usiitie kwenye begi la chini, iweke mkobani. Na ule mrashi wa bibi ulionambia unavuja kwenye shingo, uje nao. Nizwa kuna fundi wa fedha sokoni, nimeshaongea naye, ataulehemu kabla hatujapanda huku kuujaza.