Gari la Salim Limerudi

SALIM: Assalamu alaikum, jamaa zetu. Leo nimekuja studio na gari langu mwenyewe, lile lililoibwa.

MWANAIDI: Waalaikumu salamu. Alhamdulillahi! Waeleze, maana watu wameniandikia wiki nzima, "Salim vipi, Salim vipi." Halafu tubishane kuhusu hizi kamera za polisi zinazosoma namba za magari.

SALIM: Jumatatu usiku nilirudi kazini saa sita, nikaegesha palepale pa siku zote. Alfajiri natoka kwenda kuswali, naona lami tupu. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Gari ndilo linalotulisha, mnajua. Ndani mlikuwa na kiti cha mtoto na vifurushi vinne vya watu ambavyo sijavifikisha.

MWANAIDI: Akanipigia simu saa kumi na mbili kasoro. Nilidhani amefiwa.

SALIM: Polisi wakachukua namba, rangi, aina ya gari, wakanipa namba ya faili. Nikajisemea, limekwenda hilo. Jumatano saa tano napigiwa simu: gari lako limepita kwenye kamera, njia panda ya mji jirani. Askari wamelifuata, wamelipata. Kiti cha mtoto kimo. Vifurushi viwili vimo. Kwa hiyo Jumanne ijayo, halmashauri yetu ikisikiliza ombi la polisi la kuweka kamera hizohizo hapa mjini, mimi nitasimama niseme: wekeni.

MWANAIDI: Na mimi nitasimama niseme msiweke.

SALIM: Dada, umelia nami siku mbili!

MWANAIDI: Ningelia hata wiki. Lakini nisikilize. Ile kamera ilipokuwa inalingoja gari lako, ilikuwa inapiga picha kila gari linalopita. Inasoma pleti namba, inaandika saa na mahali, inaandika rangi, hata stika ya nyuma. Halafu inalinganisha na orodha ya magari yanayosakwa. Lako lilikuwamo kwenye orodha, sawa. La mama anayekwenda kusafishwa figo halikuwamo, na bado linakaa kwenye mfumo. Miji mingi huku Marekani inahifadhi siku thelathini.

SALIM: Namba pleti imeandikwa kubwa nyuma ya gari ili isomwe. Hiyo si siri. Kila anayepita anaiona.

MWANAIDI: Kuona ni kuona, kuweka daftarini ni kitu kingine. Kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, palikuwa na mama muuza vitumbua.

SALIM: Haya, Tanga hiyo imeanza.

MWANAIDI: Acha nimseme, ana haki ya kusemwa. Yule mama alikaa pale pembeni tangu alfajiri na kikaango chake. Hakujua kusoma, lakini namba za magari alizijua kwa sura. Anakwambia, "Limepita lile lenye nane mbili na mkia." Magari yalikuwa machache miaka hiyo, lakini hakuna lililompita. Duka la Mhindi lilipovunjwa, ndiye aliyewaambia polisi gari gani limesimama hapo usiku.

SALIM: Sasa si ndiyo kamera hiyo? Wewe mwenyewe umeisema.

MWANAIDI: Ngoja. Mjomba wangu alikuwa na pikapu. Kila Alhamisi jioni inasimama nje ya nyumba moja Barabara ya Kumi na Nne, saa nzima. Mama wa vitumbua alijua. Hakumwambia mtu.

SALIM: Kama hakumwambia mtu, wewe umejuaje?

MWANAIDI: ...Aliniambia mimi. Baadaye sana, mjomba na mkewe wote wameshafariki.

SALIM: Ehee! Kwa hiyo alihifadhi miaka mingapi?

MWANAIDI: Labda ishirini.

SALIM: Kamera inahifadhi siku thelathini unapiga kelele. Mama wa vitumbua miaka ishirini unamsifu.

MWANAIDI: Namsifu, kwa sababu alijua gari limefuata nini. Mle ndani mlikuwa na mzee aliyefanya kazi na mjomba kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, ndugu zake wamemkimbia, na alimwapisha mjomba asiseme kwa mtu. Mjomba alikuwa anampelekea chakula na kumfulia. Mama alijua kwa sababu vitumbua vya mgonjwa vilitoka kwake. Sasa mpe mtu daftari lenye gari, nyumba na kila Alhamisi saa kumi na mbili. Atasoma nini?

SALIM: Atasoma nyumba ndogo.

MWANAIDI: Basi. Ndicho ninachokiogopa.

SALIM: Nakuelewa. Lakini hapa tulipo hakuna mama wa vitumbua. Mimi nimekaa miaka sita kwenye jengo langu, jirani wa mlango wa pili simjui jina. Nani angeliona gari langu? Kwetu Kisauni lisingevuka mtaa, wazee wa barazani wangeuliza, "Huyu anayeendesha gari la Salim ni nani?" Hapa nina kamera, basi.

MWANAIDI: Wazee wa barazani wanaijua sura yako. Kamera inajua namba tu, na hata namba inakosea. San Francisco, mwaka 2009, mama mmoja dereva wa mabasi ya mji anarudi kwake usiku. Kamera ikasoma tatu kama saba. Namba ile ilikuwa ya lori la kijivu lililoibwa. Yeye anaendesha gari dogo la rangi ya damu ya mzee. Polisi wakamtoa kwa bunduki, wakampigisha magoti, pingu. Mji ulikuja kumlipa dola 495,000.

SALIM: Hilo ni kosa la askari. Macho walikuwa nayo. Lori na gari dogo vinafanana wapi?

MWANAIDI: Na Aurora, Colorado, Agosti 2020? Namba ya gari la familia moja ilisomwa sawasawa! Ila iliyoibwa ilikuwa pikipiki ya Montana yenye namba ileile. Polisi wakalaza watoto kifudifudi kwenye lami ya maegesho, Salim, mdogo wao ana miaka sita. Wawili wakafungwa pingu. Dola milioni 1.9 ndizo walizolipwa, mwaka 2024.

SALIM: Inaniuma, wallahi. Lakini bado ni askari aliyeshindwa kutofautisha gari na pikipiki.

MWANAIDI: Mashine imeshamwambia "ndilo hili", naye anashuka na bastola mkononi. Hakagui tena. Mashine ndiyo inayompa ujasiri huo.

SALIM: Na mimi sirudi nyuma. Waweke, wawe na sheria kali.

MWANAIDI: Sheria kali ipo, jimbo la New Hampshire. Kama namba haimo kwenye orodha ya wanaosakwa, picha inafutwa ndani ya dakika tatu. Gari lako lilikuwa kwenye orodha tangu Jumanne asubuhi. Dakika tatu zingetosha kulipata.

SALIM: Langu, ndiyo. Sasa chukua mtoto aliyegongwa, gari limekimbia. Shahidi anakumbuka rangi na herufi mbili. Taarifa inafika polisi baada ya nusu saa. Hapo unahitaji kurudi nyuma uangalie nani alipita. Dakika tatu zimeshafuta kila kitu. Utamwambia nini mzazi wake?

MWANAIDI: ...Sina la kumwambia. Lakini hiyo ya kurudi nyuma ndiyo iliyotumiwa na mkuu wa polisi wa Sedgwick, mji mdogo wa Kansas. Mwaka 2023 alilitafuta gari la aliyekuwa mpenzi wake na la mpenzi mpya wa huyo mwanamke mara 228.

SALIM: Akajulikana, na mfumo unaandika nani ametafuta nini. Akaacha kazi.

MWANAIDI: Baada ya mara 228! Na yule afisa wa Johnson County, Texas, mwaka 2025, aliyemtafuta mwanamke aliyejitoa mimba? Alipekua kamera zaidi ya 83,000 nchi nzima, mpaka kwenye majimbo ambako jambo lile ni halali. Kamera ya kona ya kwenu haibaki ya kona ya kwenu.

SALIM: Basi halmashauri izuie kuunganishwa. Illinois wameweka sheria kuhusu mambo hayohayo.

MWANAIDI: Na kamera za Illinois zimo kwenye upekuzi huohuo wa Texas.

SALIM: Kwa hiyo mwizi aende na gari langu.

MWANAIDI: Sikusema hivyo.

SALIM: Ndivyo inavyokuwa, Mwanaidi. Kwenye meza yangu ndivyo inavyokuwa.

(Kimya.)

MWANAIDI: Tulisema leo tutawapa wasikilizaji maswali matatu ya kumuuliza diwani. Nimeyaandika hapa.

SALIM: Saa ngapi?

MWANAIDI: Kumi na mbili na ishirini na tano. Zamu yangu inaanza saa moja, na bibi ninayemhudumia hali mpaka anione.

SALIM: Maswali hayafiki basi. Soma moja.

MWANAIDI: Nikisoma moja utanijibu, na nikikujibu nitachelewa. Yaache. Jumanne, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa halmashauri. Wanaotaka kusema wajiandikishe mlangoni kabla kikao hakijaanza.

SALIM: Dada, kabla hujazima. Mke wa mjomba wako...

MWANAIDI: Mkaza mjomba.

SALIM: Yeye kila Alhamisi alikuwa anaambiwa nini?

MWANAIDI: Kwamba mjomba ameenda kucheza bao.

SALIM: Aliamini?

MWANAIDI: Siku moja alinunua vitumbua palepale, akamuuliza yule mama, "Gari la mume wangu huwa linaelekea wapi?" Mama akasema hajaliona.

SALIM: Akafa bila kujua?

MWANAIDI: Nipe mkoba wangu hapo, Salim. Nachelewa.