Clovelly kwa ziara ya sauti: nawajibu mnaoniuliza gharama

Jamani habari zenu, karibuni tena. Leo sina picha mpya, nimekaa tu niongee, kwa sababu kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, kile kijiji cha baharini ulikizungukaje peke yako bila mtu wa kukuongoza, na uligharimika kiasi gani?" Chini yake anakuja mwingine: "Hela ya kutalii ipo, ya kutuma nyumbani haipo." Nawajibu wote. Atakayesema najionyesha, aseme, ila anisikilize kwanza. Na nikigusia makaratasi ya visa, msiseme nimeanza kulialia. Mmeuliza wenyewe.

Kijiji ni Clovelly, kaskazini mwa Devon, England, na nilikizunguka kwa ziara ya sauti, yaani maelezo yaliyorekodiwa unayoyasikiliza kwenye simu. Mitaa ya mawe na nyumba nyeupe mmeshaziona, sirudii. Ambacho picha hazisemi ni kwamba kijiji chote kina mwenyewe. Kuanzia mwaka 1738 kimekuwa cha ukoo wa Hamlyn na warithi wao, na kabla yao walikuwa akina Cary. Wanaoishi mle ni wapangaji. Ndiyo maana mgeni analipa kiingilio juu kule, kwenye kituo cha wageni, kabla hajaona hata mlango mmoja. Kiingilio hicho kinakupa pia maegesho, makumbusho ya mwandishi Charles Kingsley, ambaye baba yake alikuwa kasisi pale, nyumba ya mvuvi wa zamani, na bustani. Wengi mmeandika kwamba ni unyang'anyi kumtoza mtu hela aingie mtaani kwa watu. Mimi siungani nanyi. Mtaa ule gari halipiti, kila jiwe likilegea linarudishwa kwa mkono, na hiyo kazi lazima ilipwe na mtu. Ila kama una familia kubwa, piga hesabu kabla hujatoka nyumbani.

Nauli: treni hadi mji wa Barnstaple, kisha basi hadi Clovelly. Tiketi ya treni niliikata mapema. Basi ndiyo nafuu, maana England mabasi mengi yamewekewa kikomo cha nauli, pauni 3 kwa safari moja tangu Januari 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 2. Chakula nilibeba, na kulala sikulala. Hiyo ndiyo anasa yangu yote mnayoisema.

Sasa la kutuma nyumbani. Wanaoniandikia hivyo, wengine ni ndugu zangu wa damu, wanatumia majina ya kuficha lakini nawajua kwa maandishi yao. Inaniuma. Kwa visa ya kazi kama niliyokuja nayo mimi, mtu mzima anatozwa ada ya afya, ya kutibiwa kwenye hospitali za serikali, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa, na analipa yote kwa mkupuo akiwa bado nyumbani, hajaonja hata mshahara mmoja. Visa ya miaka mitatu, zidisha mwenyewe. Hiyo ni mbali na ada ya visa yenyewe. Mtu akikopa ili alipe, anakuja huku na deni, analipa deni, na mnamuuliza mbona kimya.

Halafu kadi za ukaazi, zile za kuonyesha una ruhusa ya kuishi huku. Mwisho wa 2024 muda wake uliisha, tukahamishiwa kwenye akaunti ya serikali mtandaoni. Mimi nikabadilisha pasipoti, akaunti ikakataa kufunguka. Bila akaunti hupati ile namba anayoitumia mwenye nyumba kuangalia kama una haki ya kupanga. Chumba nilichokuwa nimekiona, kizuri, karibu na kazini, kikachukuliwa na mtu mwingine huku mimi nasubiri kujibiwa barua pepe. Siku niliyokwenda Clovelly jibu lilikuwa halijaja. Nilitaka mahali ambapo nitatembea mchana kutwa na hakuna atakayeniuliza karatasi.

Haya, ziara yenyewe. Unapakua sauti kwenye simu ukiwa bado na waifai. Usitegemee bando lako kule chini, mimi mtandao ulinikatikia njiani. Unaingia na hedifoni, kila kituo kina maelezo yake, unasikiliza, unasimama, unaendelea. Mimi niliweka sikio moja tu. La pili liachie njia, kwa sababu mawe yanateleza, na wenyeji wanapita na tela zao za mbao zisizo na magurudumu wakiburuza manunuzi, mitungi ya gesi, hata makochi. Zamani punda ndio walipandisha samaki kutoka gatini. Watu wa Lamu hapo mmenielewa.

Kilichonifanya nipende sauti kuliko mwongozaji ni kurudisha nyuma. Kiingereza cha wazee wa huku kina lafudhi zake, na mimi baada ya zamu za usiku kichwa kinachelewa kushika. Mbele ya kundi la watu ningeona haya kumwambia mtu arudie. Simu hainioni vibaya.

Na bila ile sauti nisingeona kitu. Kuna nyumba ukutani zimeandikwa CH na mwaka. Ningepita nikidhani ni namba za nyumba. Kumbe ni Christine Hamlyn, aliyeurithi kijiji mwaka 1884 na kukitawala mpaka alipofariki mwaka 1936. Alikarabati nyumba moja baada ya nyingine na kila aliyoimaliza akaiwekea herufi zake. Nampa heshima yake, kijiji kimesimama kwa sababu yake. Lakini nilisimama pale nikawaza mafundi. Waliobeba mbao na chokaa kwenye mteremko ule, herufi zao ziko wapi? Ziara haikuwataja hata kwa sentensi moja, na mimi hilo nimeliona ni pungufu.

Karibu na bahari kuna nyumba ya Kate Lyall. Inasimuliwa kwamba mumewe alikuwa mvuvi, na yeye alikuwa akimwangalia kutoka dirisha la juu. Siku moja akamwona anazama. Akili ikamruka, na mwaka 1736, wanavyosema, akavaa gauni lake la harusi akaingia baharini. Nyumba mpaka leo inaitwa kwa wazimu wake, na hilo jina silipendi. Mwanamke amefiwa mbele ya macho yake, mnamwita kichaa karibu miaka 300? Hapo nilirudisha sauti mwanzo nikasikiliza tena. Kijiji kiliishi kwa samaki wa heringi, na bahari ililipiza: mwaka 1821 dhoruba ilivunja mashua na kuua wavuvi wengi wa pwani ile. Kituo cha mashua ya uokoaji kilikuja kufunguliwa mwaka 1870. Gati lenyewe ni la zamani zaidi, lilijengwa na George Cary karne ya 16.

Ushauri? Ni wangu mimi, na miguu yangu. Anayependa kuuliza maswali atafute mwongozaji, kwa sababu simu haijibu. Mimi nilitaka kujua kodi za nyumba zikoje na nani anakubaliwa kupanga, nikabaki nalo hadi nilipomuuliza mama mmoja aliyekuwa anaburuza tela. Aliniambia lazima uishi pale mwaka mzima, si nyumba ya kuja likizo, na hilo nimelipenda sana. Viatu vivae vya kushika chini. Toka juu hadi gatini ni kama mita 120 za kushuka, na zote utazipanda. Mwenye magoti mabaya, nyuma ya hoteli ya Red Lion kuna Land Rover ya kulipia inayopandisha watu. Ulizia ratiba yake pale kituo cha wageni kabla hujaanza kushuka, maana haifanyi kazi kila msimu.