Nilikaa chini na penseli Uhindini, nusu ya Dodoma ikaja kunisahihisha

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, mambo vipi.

Leo msitegemee theluji wala mabasi ya ghorofa. Nipo nyumbani. Hapa ni uani kwa mama, Chang'ombe ya Dodoma, na huyo mnayemsikia ni jogoo wa jirani, tangu juzi anaamini hii kamera ni ya kuliwa. Nimebakiwa na siku chache kabla sijarudi Manchester kwenye zamu zangu za usiku za kutunza wazee. Nikaona nisiondoke bila kuwaonyesha hili daftari, maana limeshaleta maneno. Kuna mtu alimpigia mama simu: "Mwanao kakaa chini Uhindini mbele ya duka, kashika karatasi, anaongea na bodaboda. Yuko sawa?"

Niko sawa. Nilikuwa nachora.

Nianzie kule. Siku moja natoka zamu alfajiri, macho mekundu, nikakuta watu kama kumi na wawili wamekaa kwenye vistuli vya kukunja kando ya mfereji, chini ya daraja la treni, kwenye ile baridi ya kukata masikio. Nikajua ni wapimaji wa barabara. Nikachungulia begani kwa bibi mmoja: anachora daraja. Hana turubai wala ule ubao wa miguu mitatu, ana daftari la kuingia kwenye mkoba, kalamu ya wino, na maji ya kusafishia brashi kayatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Pembeni yake babu anachora daraja hilohilo, limepinda kama ndizi, na wala hana wasiwasi. Bibi akaniona, akachana karatasi, akanipa na penseli. Hakuniuliza kama najua. Sasa Manchester mtu usiyemjua hakusemeshi barabarani hivihivi. Nikakaa.

Mara ya mwisho kuchora nilikuwa darasa la nne. Nilimchora punda wa maji nyuma ya daftari la hisabati, nikala fimbo nne. Punda mwenyewe alikuwa mzuri tu.

Kumbe wale ni kundi lililoenea dunia nzima, linaitwa Urban Sketchers. Alilianzisha Gabriel Campanario, Mhispania aliyehamia Seattle kule Marekani, mwandishi na mchoraji wa gazeti. Mwaka 2007 alifungua sehemu mtandaoni ya watu wanaochora miji wanayoishi au wanayopita, 2009 ikasajiliwa kuwa asasi isiyo ya faida, na 2010 wakafanya mkutano wao wa kwanza wa ana kwa ana, Portland. Mwaka 2016 mkutano huo ulikuja Manchester. Watu kutoka kila pembe ya dunia wamejaa barabarani na vistuli vyao, na mimi nilikuwa palepale mjini, napita mbio kuwahi basi, sijaona kitu.

Wana masharti manane. Ukiyakamua yanabaki hivi: unachora ukiwa palepale, kwa macho yako. Unachora kilichopo, hata kama ni jalala. Tumia unachotaka, wino, mkaa, rangi za maji, biki ya shilingi mia tano. Mnachora pamoja na mnasaidiana. Hakuna sharti linalosema lazima ujue.

Sasa turudi Dodoma.

Siku ya kwanza tulikuwa watatu. Mimi, mpwa wangu wa kidato cha tatu aliyekuja kwa sababu ya chipsi, na mzee mmoja rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa mchora ramani enzi za CDA. Watoto wa siku hizi, CDA ilikuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku, ikavunjwa 2017. Huyu mzee ameichora Dodoma miaka na miaka, lakini kutoka juu, kama anavyoiona mwewe. Barabara, viwanja, mitaro. Tulipokaa akaishika penseli muda mrefu bila kuitumia, halafu akasema, "Unajua mwanangu, mimi mlango sijawahi kuchora."

Tulikaa ng'ambo ya duka moja la zamani, saa kumi jioni, jua limeanza kulegea. Barazani kuna fundi cherehani. Niwaulize: cherehani mnaijua? Mimi nilidhani naijua, nimekulia chini ya cherehani ya shangazi, nikicheza na vipande vya vitambaa. Nilipoanza kuichora nikagundua sijui mkanda unapita wapi. Kuna lile gurudumu kubwa la chini. Mkanda wa ngozi unatoka hapo, unapanda, unapita kwenye tundu la meza, unazunguka gurudumu dogo upande wa kulia wa fundi, unashuka tena. Mimi nimechora unashukia kushoto. Hapohapo nasikia nyuma yangu: "Dada, cherehani hiyo haishoni."

Nageuka, bodaboda. Alikuwa mmoja, mara watatu, mara kijiwe kizima kimehamia mgongoni kwangu. Huyu anasema paa nimelilaza sana. Yule anasema dirisha la juu lina nondo saba, mimi nimeweka tano, hesabu tena dada. Mwingine anabisha, ni nane, moja imeng'oka. Wakaanza kugombana wao kwa wao, mimi nachora tu. Mwanamke wa karanga akapita, akatua beseni, akatazama, akauliza, "Mbona hujaniweka? Mimi napita hapa kila siku." Nikamweka, huyu hapa pembeni, na beseni lake kichwani. Karanga alinipa bure.

Fundi mwenyewe alimaliza suruali yake kwanza. Ndipo akavuka barabara, akaangalia kimya, mikono nyuma. Akasema, "Mguu wangu wa kulia ndio unaotangulia." Akarudi, akakaa, akakanyaga mara mbili polepole ili nione. Nikafuta, nikachora upya. Ngoja nisogeze karatasi kwenye kamera. Mnaona hapa ilivyochubuka kwa kifutio? Huu ukurasa siuuzi.

Kule Manchester naweza kuchora saa mbili nzima na wa kunikaribia ni njiwa. Watu wanapita mbali, wanaogopa kukusumbua, ni adabu yao, siwalaumu. Huku mchoro una kamati. Na niseme ukweli, kamati ilikuwa sahihi. Nondo zilikuwa nane, moja imeng'oka.

Kuuza nako kuna kisa. Kila kikao kikiisha, kila mtu analaza daftari lake chini likiwa wazi, yanapangwa, wote mnasimama kuyatazama, la aliyebobea na la aliyeanza leo. Kule wanayalaza kwenye lami. Mimi nikatandika khanga ya mama. Sasa ukitandika khanga kando ya barabara mjini hapa ukapanga vitu juu yake, wewe ni machinga, huna utetezi. Mama mmoja akainama: "Hiki bei gani?" Kabla sijafungua mdomo mpwa wangu amejibu, elfu tano. Mama akakigeuza, akakitazama upande upande. "Elfu tano kwa nyumba iliyopinda hivi?" Akakirudisha. Mchoro wenyewe ulikuwa wa mzee wetu. Alicheka mpaka akatoa leso.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa saba, Nyerere Square. Bodaboda wawili walikuja, mmoja na daftari la mahesabu ya mafuta. Kutoka bustanini tulijaribu sanamu ya Mwalimu, halafu tukasogea mpaka tukaliona lile kuba la kanisa kuu la Anglikana. Kuba ni mtihani. Kila mtu lilimtoka tofauti, kuna lililokuwa kitunguu, kuna lililokuwa chungu kimefunikwa. Hapo sina mengi, tulipigwa na upepo tukaondoka.

Upepo, jamani. Dodoma ukichora bila vibanio vya nguo, karatasi utaifuata Kizota. Chukua vinne, bana kona zote. Na rangi za maji huku zinakauka kabla brashi haijatoka kwenye karatasi, hewa ni kavu mno. Mafundisho yote ya kule ya kusubiri rangi ikauke, wenyewe wanasubiri mpaka wanakunywa chai, huku sahau. Huku unalowesha karatasi kwanza, unachora nusu nusu, na vumbi linaingia lenyewe. Hii rangi ya udongo mnayoiona hapa chini kwenye ukurasa wa Mlimwa si yangu. Ni Dodoma imejipaka.

Na jambo la askari. Nilikaa mahali, nachora mti, bahati mbaya nyuma ya mti kuna jengo lenye bendera. Akaja askari, mpole kabisa. "Unapima nini?" Nikamwambia sipimi, nachora. "Kwa nini usipige picha?" Nikauliza, kwani picha inaruhusiwa? "Hairuhusiwi." Tukatazamana. Tumejiwekea utaratibu sasa: majengo ya serikali hatugusi, na tukienda mtaa wa watu tunapita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa tujitambulishe. Mwenyekiti mmoja alitaka achorwe yeye. Akachorwa.

Ngoja nichukue daftari jingine, hili ni la likizo yangu ya 2023. Ukurasa huu. Mwarobaini, chini yake kibanda cha fundi baiskeli, mabati matatu, tairi limening'inizwa kuwa bango, karai la maji ya kutafutia pancha. Makole. Safari hii nimeenda kumtafuta na daftari mkononi. Hakuna mwarobaini, hakuna kibanda, kuna ukuta mpya na geti. Majirani wanasema kahamia kwa watoto wake Bahi. Silii, mji ukue. Tangu 2016 serikali iliposema inahamia kweli, na 2018 tukawa jiji, kila nikirudi kuna kona napotea, na mimi nimezaliwa hapa. Ila nisikilizeni. Nina picha za Dodoma zaidi ya elfu kwenye simu. Harusi, ndugu, sahani za nyama choma, mimi na zabibu. Kile kibanda hakimo hata kwenye moja, nani anapiga picha kibanda cha pancha? Nilikichora kwa sababu siku ile jua lilikuwa kali na pale ndipo palikuwa na kivuli.

Ukiangalia daftari zima utaona hivyo. Anayechora hakai penye uzuri, anakaa penye kivuli, halafu anachora kilicho mbele yake.

Kwenye treni mpya usijaribu. Mimi nilipanda SGR kutoka Dar, nikasema nitachora njiani. Ile inaenda hadi kilomita 160 kwa saa. Unaanza mbuyu karibu na Gulwe, ukiinua macho upo Igandu. Nina ukurasa mzima wa vishina.

Wiki iliyopita tukaenda Kolo, Kondoa. Mnaoishi Dodoma na hamjafika, na nilikuwa mmoja wenu mpaka juzi, tuone aibu pamoja. Ile michoro ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Unapanda kwa miguu na mwongozaji, jasho linakutoka, ukifika juu mwamba umejikunja kama ukingo wa nyumba. Kuna twiga, kuna tembo, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama wamesuka kwa ajili ya sherehe. Wamechorwa kwa udongo mwekundu, uleule unaochafua soksi zetu. Hugusi, hulowanishi. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja na timu yake, wakainakili kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa hiyo naye alikaa hapohapo akitazama kama sisi. Na kuna wenyeji ambao mpaka leo wanapanda mle kuomba mvua.

Mpwa wangu alichora twiga mmoja kwa dakika arobaini bila kugusa simu. Chipsi sikuahidi. Mzee wetu wa ramani alichoka na mlima, akakaa kwenye jiwe, akavua kofia, akazungusha macho kutoka ule mwamba uliotufunika mpaka bonde lote kule chini linalowaka jua. Akaniambia, "Na hawa nao walikaa kivulini."

Haya. Mimi naondoka Jumanne, lakini Jumamosi hii tunakutana tena Uhindini, saa kumi kamili jioni, na saa kumi ya kweli tafadhali, jua halitusubiri. Mzee ndiye mwenyeji, baada yangu yeye ataendelea. Hakuna kiingilio. Njoo na daftari lolote, penseli, vibanio, na kitu cha kukalia, ndoo iliyopinduliwa inatosha. Wa kijiwe cha bodaboda wameshasema watakuja kusimamia nondo.

Ukurasa wa mwisho, wa leo asubuhi, wino haujakauka vizuri. Huyu ni mama, anachagua mchele hapa hapa uani. Mama, njoo uone, njoo, watu wanakusalimia. Anakuja. Anasema mgongo nimempatia. Anasema ungo nimeufanya mkubwa. Anasema nini? Anauliza kwa nini nimemchora na ndala mbili tofauti, moja ya bluu, moja nyekundu, watu watasema hana viatu.

Mama. Hebu angalia miguuni.